Dadu Idd Mosi, Mnara Idd Pili

Idd el-Fitr ya mwaka 2022 ilinikuta Tanga, kwa shangazi yangu, Ngamiani. Kwenye mkoba nilikuwa na michezo miwili. Mmoja ulikuwa karatasi chache nilizochapisha pamoja na dadu mbili nyekundu. Wa pili ulikuwa boksi la Jenga, vipande vya mbao vya kupangia mnara, na bahasha nne zenye maswali. Usiku wa Idd mosi tulicheza wa kwanza, Idd pili tukacheza wa pili, watu walewale, mkeka uleule wa sebuleni. Nilikuwa nimeicheza michezo hii miaka miwili nikiwa Uingereza, nikadhani naijua. Nilikuja kuijua kwenye mkeka ule, na sehemu ya kuijua iliniumiza.

Nieleze kwanza ni michezo gani. Ni ya kuigiza mkiwa mmekaa. Hakuna skrini wala ubao wa kusogezea kete. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza mlipo na kilicho mbele yenu, kisha anauliza: unafanya nini? Unajibu kwa niaba ya mhusika wako, na jibu likiwa na hatari ndani yake, kanuni za mchezo ndizo zinazoamua. Dungeons & Dragons ndio uliofungua njia, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo imezaliwa mingi isiyohesabika. Mimi naamini mtoto yeyote aliyekua akiitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" tayari ana nusu ya mchezo huu mdomoni. Nusu iliyobaki ni kwamba bibi akifika kwenye njia panda hachagui mwenyewe. Anakugeukia wewe.

Mimi nilianzia Sheffield, nilikokwenda kusoma shahada ya pili. Alhamisi jioni, chumba cha juu cha mkahawa mmoja, meza kadhaa, kila meza na mchezo wake. Mzee mmoja mwenye ndevu za mvi alinisogezea kiti, akaniuliza mhusika wangu anaogopa nini. Nilikuwa na miezi mitatu katika mji ule, na hilo lilikuwa swali la kwanza mtu kuniuliza kisha akatulia kungoja jibu.

Mchezo wa meza ile ulikuwa Dungeon World, wa njozi: mapanga, mapango, majoka, hazina. Uliandikwa na Sage LaTorra na Adam Koebel, ukatoka mwaka 2012, ukifuata mtindo wa mchezo uliotangulia wa Vincent na Meguey Baker uitwao Apocalypse World. Kanuni zake ni chache. Ukifanya jambo la hatari unarusha dadu mbili za kawaida za pande sita, unajumlisha, unaongeza namba ndogo ya uwezo wako. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata 7 hadi 9, umefaulu kwa gharama: kufuli limefunguka ila mlinzi amesikia, ukuta umeuruka ila panga limebaki upande wa pili. Ukipata 6 kushuka chini, msimulizi anakuletea balaa, na wewe unajiandikia alama moja ya uzoefu.

Hapo mwisho ndipo roho ya mchezo ilipo. Anayeshindwa ndiye anayeandika alama, na alama hizo zikifika idadi yake, mhusika anapanda daraja. Usiku wangu wa kwanza nilirusha nikapata 4, nikakunja uso nikisubiri meza inione mzigo. Yule mzee akanielekeza kwa kidole kwenye karatasi yangu niweke alama, kisha akaniambia sakafu imebomoka, nimeangukia kwenye chumba ambacho hakuna aliyekijua. Usiku mzima uliobaki ulihusu chumba kile. Yaani kushindwa kwangu ndiko kulikotupa hadithi.

Nikija kuzipiga hesabu baadaye niliona kwamba si bahati. Dadu mbili zina matokeo 36. Kwa mtu asiye na nyongeza yoyote, 6 tu ndiyo ushindi kamili, 15 ni ushindi wenye gharama, na 15 ni kushindwa. Ukiwa na nyongeza ya 2, ushindi kamili unafika 15, lakini ule wa gharama unabaki palepale 15. Mchezo hautaki upite salama. Unataka kila mrusho usogeze jambo fulani mbele. Msimulizi mwenyewe hagusi dadu hata mara moja, kazi yake ni kusikiliza na kuuliza. Kitabu kinamwambia achore ramani na kuacha mapengo, na awe shabiki wa wahusika. Nilipenda sana maneno hayo. Kuna watu wengi duniani wenye mamlaka juu ya hadithi za wengine, na wachache mno ni mashabiki wao.

Basi Idd mosi. Baada ya isha tulikaa watano: mimi, kaka yangu, binamu yangu mkubwa ambaye ni mwalimu wa sekondari, mdogo wake wa kiume wa miaka kumi na tano, na binti wa mjomba aliyetoka Wete, Pemba, anayesomea uuguzi. Mjomba alipopita akaziona dadu aliuliza kama tunacheza kamari. Nikamwonyesha kwamba hakuna hata shilingi mkekani, akaridhika, akaendelea na safari yake ya barazani.

Kazi ya kwanza ilikuwa majina. Nilikuwa nimetafsiri karatasi za wahusika usiku mmoja kabla, na mengine yalikuja yenyewe. Yule mwimba mashairi wa Kizungu mwenye kinanda, anayejua habari za kale na kuzifungua nyoyo za watu kwa maneno, kwetu ni malenga, na mwalimu alimchukua kabla sijamaliza kusoma. Mdogo wake akachukua mwizi. Kaka akachukua askari. Binti wa mjomba akataka yule wa vitabu na nguvu zisizoonekana, na mimi kwenye karatasi nilikuwa nimeandika Mchawi.

Shangazi alikuwa anaingia na sinia la visheti.

"Mchawi nani humu ndani?"

"Shangazi, ni jina tu la kwenye mchezo."

"Hilo si jina la mchezo, mwanangu. Tafuta lingine."

Hakukasirika. Aliweka sinia chini, akasimama na mkono kiunoni mpaka nilipochukua kalamu na kulifuta. Tukaandika Mnajimu. Akaondoka.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Sheffield neno hilo kwao halina uzito, ni kofia ndefu na fimbo, kwa sababu hakuna pale mezani mwenye jirani anayeshukiwa. Nchini kwetu, Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa jikoni, na aliyewaua alikuwa na neno hilo mdomoni. Neno lililo la njozi kwa watu wa meza moja ni la kutisha kwa wa meza nyingine. Nilidhani nimebeba mchezo mmoja wa njozi na mmoja wa kutisha, vikiwa vimetenganishwa na jalada. Shangazi alinionyesha kwamba mpaka hauko kwenye jalada, uko kwa watu waliokaa. Nilielewa hilo kwa neno. Bahati mbaya sikulielewa bado kwa mambo mengine.

Nikauliza: pango mnaloingia liko wapi? Wakajibu kwa pamoja, Amboni. Kila mtoto wa Tanga ameshapelekwa Amboni, amesikia popo, ameonyeshwa sehemu wanakoweka sadaka za mizimu, na amesimuliwa juu ya mbwa aliyeingia humo akatokea huko Kilimanjaro. Sikuhitaji kubuni chochote. Mchezo una hatua moja ambapo mhusika anajaribu kukumbuka anachokijua kuhusu jambo fulani. Akifaulu, msimulizi anampa habari yenye faida, kisha anaweza kumuuliza umeyajuaje haya, na lazima ajibu papo hapo. Mwalimu alirusha akapata 11. Nikamwambia kuna njia ya pili, nyuma ya jiwe lenye umbo la msikiti. Umejuaje? Akasema malenga wake alisimuliwa na bibi yake, aliyekuwa akipeleka udi pangoni kuomba mtoto. Sebule ikanyamaza kidogo. Bibi yetu kweli alipata watoto kwa tabu. Halafu mwalimu akatabasamu, akachukua kisheti, tukaendelea.

Mwizi wetu aliteleza kwenye mto wa pangoni, akaishiwa uhai. Hapo mchezo una hatua iitwayo pumzi ya mwisho: unarusha dadu mbili bila nyongeza yoyote. Ukipata 10 au zaidi umemponyoka mauti, ukipata 7 hadi 9 mauti anakupa sharti, na chini ya hapo ndiyo basi. Kwa nyumba yetu sikumweka malaika yeyote. Nilimweka mzee akaaye gizani chini ya maji. Mtoto akapata 8. Mzee akamwambia, utarudi juu, lakini sauti yako itabaki kwangu. Akakubali, na kuanzia hapo mpaka saa sita usiku alicheza kwa ishara za mikono, wenzake wakimtafsiria, wakigombana nani ameelewa sawasawa. Sikumbuki kumwona mtoto yule akisikilizwa kiasi kile.

Mnaona basi ilivyo. Hata kifo kwenye mchezo ule kina mlango wa nyuma, na mlangoni kuna mtu wa kupatana naye bei.

Kwa usiku wa pili ningeweza kubeba Call of Cthulhu, mzee wa michezo ya kutisha, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa na Chaosium mwaka 1981. Niliucheza sana Sheffield. Kila mhusika ana alama za utimamu wa akili, na anapokiona kisichopaswa kuonekana anarusha dadu kujua ni ngapi zinapotea. Kibaya zaidi, kadiri unavyozidi kuujua ukweli wa viumbe wa kutisha wa mchezo huo, ndivyo kiwango cha juu kabisa cha utimamu wako kinavyoshuka. Mimi niliyesoma chini ya ubao ulioandikwa elimu ni mwanga niliogopa kwelikweli nilipokutana na maarifa yanayokula akili. Lakini kitabu chake ni kinene, kila ujuzi una asilimia yake, na sikutaka Idd yetu iishie kwenye kufunua kurasa.

Nikachagua Dread, wa Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, uliotoka mwaka 2005. Huu hauna dadu kabisa. Katikati ya wachezaji unasimama mnara wa Jenga. Mhusika wako akitaka kufanya jambo la hatari, unachomoa kipande kimoja na kukiweka juu. Mnara ukisimama, umefanikiwa. Ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka kwenye hadithi: amekufa, amepotea, amerukwa na akili. Unaruhusiwa kukataa kuchomoa. Hapo ulilotaka halitimii, lakini unabaki. Kuna na kanuni moja zaidi: mchezaji anaweza kuuangusha mnara kwa makusudi. Mhusika wake anatoka, ila anatoka akiwa amelitimiza lile aliloliangushia mnara.

Mdogo wetu alilisoma boksi. "Mbona mchezo wa kubomoa unaitwa jenga?"

Nikamweleza. Jina ni letu kwelikweli: Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, alilichukua kutoka kwenye Kiswahili alichokuwa nacho tangu utotoni. Familia yake ilikuwa ikicheza kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasulia mbao huko Takoradi, Ghana, na yeye akauzindua mchezo London mwaka 1983. Vipande 54, vitatu vitatu, ghorofa 18.

"Lakini unabomoa," akasisitiza.

"Angalia vizuri," dada yake, yule mwalimu, akamwambia. "Unachokichomoa chini unakijengea juu."

Kwenye bahasha kulikuwa na maswali. Dread haikupi karatasi ya namba, inakupa maswali ambayo majibu yake ndiyo mhusika wako. Hapa nilianza kuona tofauti ambayo Sheffield sikuwahi kuiona. Dungeon World nao una sentensi za kujaza mwanzoni, lakini pengo lake ni jina la mwenzako. Karatasi ya mwizi inasema nimemwibia fulani kitu, ya askari inasema fulani anadaiwa uhai wake na mimi. Unajaza, mnacheka, mmeshafungwa kamba moja. Maswali ya Dread yanakufunga peke yako. Niliandika: kwa nini umeamua kusafiri usiku badala ya kungoja asubuhi? Ni nani nyumbani hajui kwamba umeondoka? Ulipokuwa mdogo uliona nini ambacho hujamwambia mtu? Walijibu kimya kimya, kila mmoja akiwa ameifunika karatasi yake kwa kiganja.

Umeme ulikatika saa tatu na robo. Shangazi akaleta chemli, akaiweka juu ya kabati, na kivuli cha mnara kikapanda ukutani mpaka darini. Nilifurahi. Niliona mazingira yamejipanga yenyewe. Nikaanza: mko kwenye meli, usiku, katikati ya Unguja na Pemba. Injini imezima. Kuna mtu ndani ya meli ambaye hamkumwona akipanda.

Kwa dadu, hofu inadumu sekunde moja na nusu, mpaka ziache kubingirika. Baada ya hapo ni namba, na namba ina pa kukimbilia: unajumlisha, unauliza kama nyongeza inahesabika. Mnara hauna pa kukimbilia. Kaka yangu, mtu mzima anayeendesha lori la mizigo mpaka Tunduma, alichomoa kipande cha tatu akiwa ameng'ata ulimi. Nikajifunza kunyamaza. Idd mosi nilikuwa nikisema haraka haraka, najaza, nauliza, nashangilia. Sasa kila kidole kilipogusa ubao niliacha kusema katikati ya sentensi, na ile nusu ya sentensi ikafanya kazi kuliko yote ambayo ningeweza kuyasema.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mrusho wa dadu hauujui uliotangulia. Ukipata 3 sasa hivi, 12 iko palepale inakungoja. Mnara unakumbuka. Kila kufanikiwa kunauacha na tundu chini na uzito juu. Mlango alioufungua kaka saa tatu na nusu ndio uliomtetemesha mwalimu saa nne. Ule mchezo wa njozi ulikulipa kwa kushindwa. Huu unakutoza kwa kushinda, na bili haimfikii aliyetumia, inamfikia aliyekaa pembeni yake.

Ilipofika zamu ya binti wa mjomba, mhusika wake alikuwa sitaha ya chini. Maji yameanza kuingia, mlango wa chuma umekwama. Alinyoosha mkono, akagusa kipande cha pembeni, akauacha mkono pale. Kwa mwanga wa chemli niliona kucha zake bado zina hina ya Idd.

"Sichomoi," akasema.

Ni haki yake kwa kanuni. Nami nikafanya kile ambacho kanuni inaniambia nifanye. "Basi mlango haufunguki. Maji yamefika kiunoni."

Akainuka, akaenda jikoni.

Kaka alinitazama, akasema kwa sauti ya chini sana, "Nungwi." Neno hilo tu.

Septemba 2011 meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku karibu na Nungwi. Walikufa watu wengi, na mmoja wao alikuwa baba mdogo wa binti wa mjomba, aliyekuwa akimlea. Yeye alikuwa na miaka kumi. Nilijua. Nilikuwepo kwenye hitima, nilikula ule wali. Nilijua, na wakati naandika hadithi yangu kwenye daladala, nikitafuta mahali pa kutisha ambapo watu wetu watapaelewa bila maelezo, kichwa changu kilinipa meli ya usiku kana kwamba nimeibuni mimi.

Nilimkuta anaosha vikombe gizani. Vilikuwa vimeshaoshwa.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nimekosea sana."

Alisuuza kikombe, akakipindua juu ya kitambaa. "Mchezo hauna kosa," akasema baada ya muda. "Nilikuwa naupenda. Ila ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

"Ungeniuliza tu. Pengine ningesema sawa. Pengine ningesema weka msitu."

Nikamsaidia kupanga vikombe. Hatukurudi sebuleni usiku ule.

Nililala nikijiuliza kwa nini Idd mosi mwalimu aliweza kumleta bibi yetu pangoni na tukabaki salama, na Idd pili nikamvunja mtu. Sehemu ya jibu iko kwenye mchezo. Kwenye Dungeon World mwalimu ndiye aliyempeleka bibi pale, kwa kipimo chake, akijibu swali, na angeweza kujibu lingine. Kwenye meli mimi ndiye niliyepeleka maji, na mchezaji akiwa na njia mbili tu, achomoe au asichomoe, zote zikielekea kwenye mlango uleule. Mchezo wa njozi wa kanuni chache una ukarimu wa kumeza uzembe wa msimulizi, kwa sababu kila baada ya dakika mbili unamrudishia mchezaji kalamu. Mchezo wa kutisha wa kanuni chache haumezi. Uchache wa kanuni ni uleule, lakini mmoja umezipunguza ili uwe na nafasi ya kuongea, mwingine umezipunguza ili usiwe na pa kujificha. Anayependa kuendesha huu wa pili lazima aulize kabla, na aulize kwa majina: maji? moto? watoto? jini? kaburi? Wenzetu huko wana utaratibu huo siku nyingi. John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza, na mtu akiigusa, kilichotajwa kinaachwa bila maswali. Niliiona Sheffield kila Alhamisi. Nilipofungasha mkoba wa kuja Tanga sikuibeba, nikiamini kwamba kwa ndugu zangu siihitaji. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa mbovu. Mgeni anakuficha asiyotaka uyajue. Ndugu anadhani unayajua tayari.

Idd tatu nilikusudia kurudisha boksi mkobani. Baada ya chakula cha mchana binti wa mjomba akaja nalo mkononi.

"Leo usiku unaandika tukiwepo," akasema.

Tukaandika wote. Maji hapana, akasema yeye. Uchawi hapana, akasema mwalimu, akielekeza kidevu jikoni alikokuwa shangazi. Mdogo wetu akasema yeye yote sawa, kisha baada ya dakika kumi akarudi akasema hospitali hapana. Tukachagua nyumba ya zamani ya meneja kwenye shamba la mkonge lililoachwa, mvua za masika, gari limeharibika. Na kadi tukaipa sura yetu. Shangazi alitupa kikombe cha kahawa kisicho na mkono, tukakiweka wima karibu na mnara. Asiyependa kinachosemwa anakipindua, na sisi tunaruka mbele. Kaka akakipa jina palepale: funika kombe mwanaharamu apite.

Kikombe kilipinduliwa mara moja tu usiku ule, na aliyekipindua ni kaka, nilipoanza kueleza mbwa anayelia nje ya ukuta. Nilikata, nikawahamishia chumba cha juu. Hakuna aliyemuuliza. Mpaka leo sijui, na sihitaji kujua.

Saa tano na nusu mnara ulikuwa umebaki mifupa. Ghorofa tatu za chini zilisimamia kipande kimoja kimoja cha katikati, na shangazi alipopita korido tulizuia pumzi kwa sababu ya nyayo zake. Wahusika wote wanne walikuwa hai, jambo ambalo sikulitegemea. Wamefika mlango wa nyuma, kuna gari la mkonge linapita barabarani, na kitu kile kilichokuwa nao ndani ya nyumba kiko nyuma yao kwenye ngazi. Mlango hautabaki wazi bila mtu wa kuushika. Nikamgeukia mdogo wetu, zamu yake, nikamwambia achomoe.

Alisogea kwa magoti. Alizunguka mnara mara mbili akitafuta, midomo ikitembea kama anahesabu. Hapakuwa na kipande.

Binti wa mjomba akamshika bega, akamrudisha nyuma taratibu. Akanitazama mimi. "Mimi ndiye ninayeushika mlango," akasema. "Wao wapite."

Akauweka mkono ubavuni mwa mnara, akausukuma.

Sauti ya vipande 54 kwenye sakafu ya saruji ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Shangazi akauliza kutoka chumbani kuna nini, mwalimu akamjibu hakuna kitu, shangazi, lala. Mdogo wetu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Nikasimulia kilichobaki kwa sentensi chache: mlango umebaki wazi, watatu wamevuka, wamepanda gari, kule nyuma mlango umefungwa kutoka ndani. Nikaishia hapo.

"Dada," mtoto akasema, "ningejaribu. Pengine ningeweza."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alikuwa ameshaanza kuokota vipande, anavipanga vitatu vitatu kwenye kipaja.

"Juzi wewe ulirudi bila sauti," akamwambia. "Jana wangu haukufunguka. Leo nilitaka ufunguke."

Tukaokota wote kwa mwanga wa simu. Tulipohesabu vilikuwa 53. Tuliinua mkeka, tukasogeza kabati, tukaangalia chini ya viti. Cha mwisho alikipata shangazi asubuhi akifagia, kikiwa kimeingia kwenye kandambili ya kaka, akakiweka dirishani karibu na kile kikombe.